LEAP na IBC yake: programu inayohesabu moshi na joto kwa mkupuo mmoja

Nianze na leseni, maana ndiyo inayowafanya wengi wageukie mlangoni. LEAP, programu ya Stockholm Environment Institute ya kupanga nishati na kukadiria hewa chafu, ni bure kwa wanafunzi, na pia kwa serikali, vyuo na mashirika yasiyo ya faida katika nchi za kipato cha chini na kipato cha kati cha ngazi ya chini. Kampuni za ushauri zinalipa. Inaendeshwa kwenye Windows tu, kwa hiyo mwenye Mac atafute namna ya kuweka Windows ndani ya mashine yake. Hayo yaishe, twende kwenye kazi.

Niliitafuta kwa sababu moja. Kazi yangu ni makadirio ya hewa chafu, na katika kazi hii watu wa tabianchi wana faili lao la Excel na watu wa ubora wa hewa wana lao. Wa kwanza wanahesabu kaboni dioksidi na methani. Wa pili masizi, salfa na oksidi za nitrojeni. Fungua mafaili yote mawili na utakuta idadi ya magari ya dizeli hailingani, wakati bomba la kutolea moshi ni lilelile. Madhara yake si ya kwenye makaratasi tu. Ulaya iliyapendelea magari ya dizeli kwa miaka mingi kwa kuwa yanatoa kaboni dioksidi kidogo kwa kila kilomita kuliko ya petroli. Oksidi za nitrojeni zikawa deni, na waliolilipa ni wakazi wa mijini kwa mapafu yao.

LEAP haitoi nafasi kwa mchezo huo. Data zote zinakaa kwenye mti mmoja upande wa kushoto wa skrini. Chukua jiko la mkaa: unashuka kutoka mahitaji ya nishati, unaingia kaya, vijijini, kupikia, hadi kwenye tawi la jiko lenyewe. Pale unaweka asilimia ya kaya zinazolitumia na nishati linayokula kwa mwaka, kisha unaliambatanishia vigezo vya uzalishaji, yaani kiasi cha hewa chafu kinachotoka kwa kila kipimo cha nishati: kaboni dioksidi, methani, kaboni monoksidi, masizi na wenzake. Shughuli inaandikwa mara moja tu, na gesi zote zinahesabiwa kutoka hapo.

Raha inaanza kwenye senario, yaani picha ya jinsi mambo yatakavyokuwa miaka ijayo. Ukitaka kaya zinazotumia mkaa zishuke kutoka asilimia 60 mwaka 2020 hadi 20 mwaka 2035, unaandika Interp(2020, 60, 2035, 20) na programu inajaza miaka ya katikati. Kingine ambacho Excel za wengi husahau: mkaa una tanuri. Matanuri yanakaa kwenye tawi la ugeuzaji wa nishati, na methani nyingi pamoja na kaboni monoksidi hutoka huko porini, mbali na mpishi. Mahitaji ya jikoni yakishuka, tanuri nalo linashuka bila kuguswa. Haishangazi kwamba programu hii inalijua jambo hili kwa undani. Ilibuniwa mwaka 1980 kwa ajili ya mradi wa kuni wa Kenya, chini ya Beijer Institute, kabla wengi wetu hatujasikia neno tabianchi.

Mazoezi ya kujifunzia yanatumia nchi ya kubuni iitwayo Freedonia, yenye kaya milioni 8, asilimia 30 zikiwa mijini. Usiyaruke hata kama umebobea. Kasoro yake ni kwamba Freedonia ina takwimu safi mno. Kila mtu huko anajua anachoma nini. Ukihamia nchi halisi, muda wako mwingi utaishia kubishana juu ya uzito wa gunia la mkaa, na hapo hakuna programu ya kukuokoa.

Sasa IBC (Integrated Benefits Calculator), sehemu ya nyongeza ya LEAP iliyonifanya niandike haya. Inachukua uzalishaji wa hewa chafu uliokwisha kukokotolewa na kuubadilisha kuwa mambo manne: kiwango cha PM2.5 (chembechembe ndogo sana zinazoingia ndani ya mapafu) ambacho watu wanavuta, vifo vya mapema, mazao yanayopotea kwa sababu ya ozoni, na mabadiliko ya joto. Haiendeshi modeli nzima ya angahewa kwenye kompyuta yako, jambo ambalo lingehitaji mashine kubwa na subira ya mvuvi. Inatumia vigawo vilivyokokotolewa kabla kwa GEOS-Chem, modeli ya kemia ya angahewa, vinavyosema tani moja ya masizi au ya amonia kutoka eneo fulani inaongeza kiasi gani cha chembechembe kwa wakazi wa nchi unayoichunguza. Jibu linatoka kwa dakika chache.

Grafu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mihimili yenye sehemu tatu: mchango wa nchi yenyewe, mchango wa nchi nyingine, na vumbi na vyanzo vingine vya asili. Kuna waliowahi kunitumia ripoti ikiahidi kufikia kiwango cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 5 za PM2.5 kwa mita ya ujazo tangu 2021, wakati sehemu ya asili peke yake ilikuwa imeshavuka hapo. Mhimili ule ungewaonyesha kabla ya kuchapisha.

Jaribu pia kupunguza salfa peke yake, bila kugusa kitu kingine. Vifo vinashuka vizuri, halafu mstari wa joto unapanda kidogo. Mara ya kwanza utadhani programu imeharibika. Haijaharibika: chembe za salfeti hurudisha mwanga wa jua angani, ukiziondoa unaondoa kivuli. Ndiyo hoja iliyozuka baada ya mwaka 2020, meli zilipotakiwa kushusha salfa kwenye mafuta yao kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Ongeza upunguzaji wa methani na masizi kwenye senario hiyohiyo, na mstari wa joto unageuka kushuka. Mjadala wa namna hiyo huwezi kuuona kwenye mafaili mawili tofauti.

Lakini namba ya vifo naishika kwa tahadhari kubwa. Vigawo vile vimetokana na gridi ya nyuzi 2 kwa 2.5, yaani kila kisanduku kinazidi kilomita 200 kwa upande karibu na ikweta. Jiji lote pamoja na mashamba yake vinaingia kisanduku kimoja. Pia vinachukulia kwamba tani ya kwanza na tani ya mwisho zina athari sawa, wakati kemia ya ozoni haiendi hivyo. Programu inakuletea tarakimu nadhifu, na wakubwa wanapenda tarakimu nadhifu. Mimi huendesha senario kwa kigezo cha masizi cha chini, cha kati na cha juu, kisha naweka matokeo yote kwenye jedwali moja. Wanaonung'unika, wanung'unike.

Upande wa gharama nao ni mwembamba. Kutafuta njia nafuu zaidi kumejikita kwenye ugavi wa nishati, hasa umeme. Kama swali lako ni hatua zipi, kuanzia chujio za viwandani hadi samadi ya ng'ombe, zitaleta hewa safi kwa gharama ndogo kabisa, utahudumiwa vizuri zaidi na GAINS, modeli ya taasisi ya utafiti ya IIASA kule Laxenburg, Austria. Hiyo inatumika mtandaoni, na mtangulizi wake, RAINS, ndiyo iliyotumika kwenye mazungumzo ya Itifaki ya Gothenburg ya 1999, makubaliano ya kupunguza hewa chafu inayovuka mipaka ya nchi. Ila GAINS inakuja na mtazamo wa nishati ulioandaliwa na wengine, na kuubadilisha tawi kwa tawi si rahisi kama LEAP.

Na kama kazi yako ni ya mji mmoja, ukitaka kujua barabara ipi ina hewa mbaya kuliko nyingine, usiipakue IBC kabisa. Tafuta modeli ya mtawanyiko ya mji, inayoonyesha moshi unavyosambaa mtaa kwa mtaa, na vipimo vya hapohapo.