Mionzi ya ubongo mzima kwa limfoma: vikao 13 au 25?

Kwa limfoma (saratani ya chembe nyeupe za damu) iliyoanzia ubongoni, mionzi haitangulii. Kinachotangulia ni methotreksati, dawa ya saratani, ya dozi kubwa kwa dripu, kuanzia gramu 3 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Miaka ya 1980 Wamarekani walijaribu mionzi peke yake, grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 40 ubongo wote na 20 za nyongeza penye uvimbe. Uvimbe uliyeyuka, kisha ukarudi, mara nyingi palepale palipopigwa nyongeza.

Dozi tunayoipa alama za juu ni grei 23.4: vikao 13 vya grei 1.8, Jumatatu hadi Ijumaa. Ni ya mgonjwa ambaye MRI yake, yaani picha ya ubongo kwa sumaku, imeshakuwa safi baada ya dawa. Uvimbe ukibaki, dozi hupanda hadi grei 45 kwa vikao 25, na hapo bei hulipwa kwa kumbukumbu. Baada ya miezi au miaka mtu husahau, hatua zinayumba, mkojo haushikiki. Aliyevuka miaka 60 ndiye anayeumia zaidi. Methotreksati ikitolewa baada ya mionzi huongeza madhara hayo, kwa hiyo ratiba inayogeuza mpangilio ihojiwe kabla ya kusaini fomu.

Maski inayoshikilia kichwa kisisogee wakati wa mionzi ndiyo inayoharibu kazi kimyakimya. Karatasi ya plastiki yenye matundu hulowekwa kwenye maji ya nyuzi 70 hivi mpaka ilegee, huvutwa juu ya uso, kisha husubiriwa dakika kadhaa ipoe na kuwa ngumu. Misuko na wigi vitolewe kabla, maana ukifumua wiki ya pili maski inapwaya na kichwa kinageuka ndani yake. Uso uliovimba kwa deksamethasoni, dawa ya steroidi, nao hupungua dozi ya dawa hiyo ikishushwa. Maski iliyopwaya haikazwi kwa kitambaa. Inatengenezwa upya na CT, picha ya kupangia mionzi, inarudiwa. (Deksamethasoni hiyohiyo ikitolewa kabla ya biopsi, yaani kukata kipande cha uvimbe kipimwe, inaweza kuyeyusha uvimbe, na daktari wa maabara akose cha kusoma.)

Kosa jingine ni kunakili mpango wa saratani iliyosambaa ubongoni kutoka kwenye titi au pafu. Mpango ule hukinga macho. Limfoma hii huweza kujificha ndani ya jicho upande wa nyuma, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya mboni zote mbili iingie, na chini mionzi ifike pingili ya pili ya shingo. Uchunguzi wa macho ukionyesha seli za limfoma, macho yote mawili hutibiwa mazima, na mtoto wa jicho ni wa kutarajia baadaye.

Kikao chenyewe hakiumi: kama dakika 15 mezani, mashine ikipiga chache tu. Nywele huanguka wiki ya pili au ya tatu. Usingizi mzito wiki 4 hadi 6 baada ya kumaliza huwatisha ndugu wakadhani ugonjwa umerudi. Mara nyingi huisha wenyewe, lakini kichwa kikiuma sana au degedege likitokea, MRI isisubiri kliniki ijayo.