TAHADHARI: Fundi wa loki za boneti anayezunguka Nkuhungu na Chang'ombe, Dodoma

Jamani, siku ya tatu leo silali vizuri kwa hasira. Nimeona niandike tu, aibu iwe yangu lakini mwingine asiliwe.

Betri ya kwanza ya gari langu iliibwa, mnaonifahamu mnajua ilivyokwenda, sirudii. Tangu hapo kila mtu ananiambia funga loki ya boneti, funga loki ya boneti. Nyumba haina geti, IST inalala nje, mimi niko zamu za usiku. Kwa hiyo huyu kaka alipotokea Jumamosi asubuhi na sanduku lake la vifaa begani, nilijua Mungu amenisikia.

Najua mtaniuliza nilimwamini vipi. Aliletwa na kijana wetu wa bodaboda, yule anayepeleka watoto shule (hana kosa, kumbe aliulizwa tu njia kijiweni). Ovaroli safi. Alimkuta mama barazani anachambua mlenda, akainama akamwamkia "Mbukwenyi", mama akafurahi mpaka akamtolea kiti. Hakuomba hata mia ya kutanguliza. Akasema, "Dada, nifunge kwanza, uridhike, ndipo unilipe." Mtu wa namna hiyo unamshuku kwa lipi?

Akatoa loki kwenye kitambaa, akaniwekea mkononi. Ilikuwa nzito, mpaka sasa nausikia uzito wake kiganjani. Pini ya chuma nene kama kidole gumba, na ufunguo wake hauna meno, una vishimo vidogo vidogo ubavuni. Akaibana kwenye kipande cha chuma alichokuja nacho, akanipa mtaimbo, akaniambia vunja. Nikavuta. Nikakanyaga kile chuma nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, kiganja kikatoka lengelenge. Haikutikisika. Kijana wa boda naye akajaribu, akashindwa, majirani wanaangalia.

Halafu akanieleza taratibu: waya wa boneti unatoka chini ya dashibodi, unapita mbele karibu na rejeta. Mwizi anaingiza waya wenye ndoano kwa chini ya bampa, anauvuta ule wa boneti, boneti inaachia, ile ndoano ya pili ya boneti yenyewe anaisukuma kwa kidole, kazi imekwisha. "Yangu haitegemei ule waya, ina pini yake na ufunguo wake." Na hayo yote ni kweli! Nimemuuliza fundi wangu, ni kweli tupu. Ndipo aliponipatia hapo.

Akaanza kazi. Jua linawaka, akaomba maji ya kunywa na ya kunawa. Nikaingia ndani, mama naye akaingia kuangalia chungu chake. Sikukaa hata dakika tano. Natoka na jagi mkononi, nakuta dirili imeshatoboa, kitu kimeshaingia, kinaonekana kichwa tu, duara linalong'aa. Akanikabidhi funguo mbili. Zilikuwa bapa, nyembamba, zenye meno. Niliziona kwa macho yangu haya. Nikazitia kwenye pochi, nikamrushia laki na themanini kwa simu, nikamwongezea elfu tano ya soda.

Siku ya tisa nimerudi zamu, watoto wamevaa sare wananisubiri, nawasha gari, kimya. Nikatia ufunguo kwenye loki, ikafunguka vizuri kabisa, haina hata mkwaruzo. Betri hakuna. Nyaya mbili zimelala pembeni. Betri ya laki mbili na ishirini, ya pili mwaka huu.

Fundi wangu alipoichomoa nilitaka kulia. Ni kitasa cha droo. Droo ya meza ya ofisini! Kina kile kiulimi cha bati, kimeshikwa na riveti mbili za alumini, juu amepuliza rangi nyeusi. Vitasa vya aina hiyo vinatoka na funguo zinazofanana, na wangu umegongwa namba 105. Jirani wa nyuma mwenye Passo alifungiwa siku ileile. Akaleta ufunguo wake: 105. Ukafungua kitasa changu, wangu ukafungua cha kwake. Maana yake huyo mtu ana ufunguo wa magari yetu yote mfukoni.

Na bado. Ili kitasa chake kienee, aliipinda ile ndoano ya pili pembeni, ile inayoizuia boneti isifunuke loki ya kwanza ikiachia. Na mimi Jumapili nilikwenda Kibaigwa na watoto! Ingeachia nikiwa mwendo wa themanini, boneti inafunika kioo chote, unaendesha huoni kitu, na malori ya ile barabara mnayajua. Nikifikiria watoto waliokaa nyuma mwili unanisisimka.

Huyu mtu afungwe, nasema afungwe. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 7. Na akifika mahakamani aulizwe na hizo betri anampelekea nani, wafungwe wote wawili. Asiniletee habari ya kurudishiana hela, sitaki.

Mnaoniuliza dalili: hana banda wala gereji. Jina lililotokea kwenye simu wakati natuma hela silo alilonitajia, nikabonyeza tu. Hataki ukae karibu wakati anafunga, atakutuma maji, atakutuma kitambaa. Risiti ni karatasi ya daftari, ya EFD hana. Basi, mengine sikuyaona, ningeyaona nisingeandika hapa. Jina siliandiki kwa sababu jalada limeshafunguliwa, mimi na jirani tumepewa RB (namba ya taarifa yetu polisi).

Ninachoomba, kama mlifungiwa loki na kaka wa ovaroli kati ya Nkuhungu, Chang'ombe na Mailimbili, tazameni namba kwenye ufunguo leo hii kabla giza halijaingia. Kama ni 105, toa betri uilaze ndani, mwite fundi akuangalizie ile ndoano ya pili kabla hujatia gari barabarani, kisha nitafute inboksi. Usikitupe hicho kitasa, njoo nacho twende kituoni pamoja.