Forerunner 55 kwenye nusu marathoni: saa nzuri, ila usiiachie hesabu yote

Garmin Forerunner 55 ilitoka mwaka 2021, na tangu hapo zimekuja saa nyingi zenye vioo vya kupendeza kuliko chake. Kwa mwanachama wa klabu ya kukimbia anayejiandaa kwa nusu marathoni, bado inatosha. Ina gramu 37, hivyo mkono hausikii uzito. Betri inakwenda hadi saa 20 GPS ikiwa imewashwa, yaani mazoezi ya wiki nzima yanaisha bila kutafuta chaja. Kioo hakina mng'ao wa simu, lakini jua likiwaka ndipo kinasomeka vizuri zaidi.

Kinachoipa alama nyingi ni vitufe vyake vitano. Haina kioo cha kugusa, na heri iwe hivyo: jasho, mvua na vidole vilivyolowa kwenye meza za maji huchanganya kioo cha kugusa, ilhali kitufe ukikibonyeza kimebonyezwa. Cha chini upande wa kulia ndicho cha kufunga kipande kimoja cha mbio na kuanza kingine. Kizoee kwa kidole bila kutazama.

Kitakuwa na kazi, kwa sababu umbali unaosomwa na saa ni nadra kulingana na umbali uliopimwa wa njia. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Wapimaji hutumia baiskeli yenye kihesabu mizunguko ya gurudumu, wanafuata mstari mfupi kuliko yote anaoweza kupita mkimbiaji, sentimita 30 tu kutoka ukingoni kwenye kona, kisha wanaongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Mkimbiaji hapiti mstari huo. Anawapita wenzake kwa nje, anazungukia kona mbali, anavuka barabara kufuata maji. Juu ya hayo GPS inayumba: katikati ya majengo marefu ishara ya setilaiti hugonga ukuta kwanza ndipo ifike mkononi, na saa hii hutumia masafa mamoja tu ya mawimbi, kwa hiyo haina namna nzuri ya kuchuja ishara iliyorudi ukutani. Kusoma 21.3 mwishoni ni jambo la kawaida, wala si njia iliyopimwa vibaya, kama wanavyodai wengi wakishavuka mstari.

Hesabu yake ni hii. Anayetaka saa 1 na dakika 45 anahitaji mwendo wa karibu 4:59 kwa kilomita. Akiushika huohuo kwa kufuata saa, na saa ikamaliza kwenye 21.3, atafika akiwa na 1:46 na sekunde kadhaa. Amekimbia alivyopanga, na lengo limempita. Dawa ni kulenga 4:55 kwenye saa, au, bora zaidi, kuzima ule mgawanyo wa kilomita unaojifanya wenyewe na kubonyeza kitufe kila unapopita kibao cha kilomita. Ukikosa kibao kimoja, usihangaike. Bonyeza ukifika kibao kinachofuata, gawa muda kwa mbili. PacePro, kipengele cha kupanga mwendo kulingana na muda unaoutaka, ni kizuri mazoezini, lakini nacho kinategemea umbali wa saa, kwa hiyo kinabeba kosa lilelile.

Ukurasa wa mbio uwe na namba tatu: muda wote, muda wa kipande ulichomo, na wastani wa mwendo wa kipande hicho. Mwendo wa papo hapo uondoe kabisa. Unaruka kutoka 4:40 hadi 5:15 ilhali miguu haijabadilisha kitu, na anayeufuata hukimbia kwa kushtukashtuka.

Usiku wa kuamkia mashindano iunganishe na simu ili ipakue makadirio ya njia za setilaiti; bila hayo itachelewa kuzikamata. Halafu kuna mtego wa mstari wa kuanzia. Ukifungua mtindo wa mbio kwenye saa mapema, baada ya dakika 5 bila kuguswa saa inarudi kulala, na kengele inapolia unaanza upya. Kwenye mipangilio badilisha muda huo uwe mrefu, utapata dakika 25.

Mapigo ya moyo yanayopimwa kwenye kifundo cha mkono ni sehemu dhaifu. Mkanda ukilegea, kihisi hunasa mtikisiko wa hatua badala ya damu, ukaona 175 kwenye mbio za kupasha mwili. Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo, ibane bila kuacha alama nzito. Kwa vipindi vifupi vya kasi hata hivyo huchelewa. Anayefundishwa kwa mapigo anunue mkanda wa kifuani. Uwanjani tumia mtindo wa kukimbia uwanjani na uiambie uko mstari gani: mzunguko wa mstari wa kwanza ni mita 400, wa nne ni karibu 423.

Haina kipima mgandamizo wa hewa, hivyo kwenye njia ya milima usitarajie hesabu ya kupanda. Muziki haihifadhi, inaendesha ule wa simu tu. Na pini nne za chaji mgongoni zisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uzikaushe kabla ya kuchomeka waya, la sivyo jasho litazila.