Tani moja ya makaa ya mawe, kodi mbili zinazovutana

Jimbo la Virginia, Marekani, liliwahi kuwapa wazalishaji wa umeme unafuu wa kodi wa dola 3 kwa kila tani ya makaa ya mawe yaliyochimbwa humo. Kwa upande mwingine, serikali kuu hutoza dola 1.10 kwa tani ya mgodi wa chini ya ardhi na senti 55 kwa mgodi wa wazi, ilimradi isizidi asilimia 4.4 ya bei. Fedha hizo huingia kwenye mfuko wa wachimbaji walioharibiwa mapafu na vumbi, hasa pale mwajiri anapofilisika.

Hoja ya unafuu ilikuwa ajira, na si ya kubezwa: kusini-magharibi mwa Virginia, mgodi ndio uliolisha familia nyingi. Lakini mashine na gesi asilia ya bei nafuu zilipunguza kazi hata hivyo, na moshi wakaachiwa wananchi. Jimbo likaufuta unafuu huo kuanzia 2022.

Mwaka huohuo tozo ile ya serikali kuu kwa ajili ya mapafu ilifanywa ya kudumu. Mimi nasimama na tozo. Ni ndogo mno kupunguza joto la dunia, ila inamfikia mchimbaji anayehema kwa shida.