Buti za usalama za Kariakoo, kwa sisi wa njia ya reli
Mi ni injinia wa njia, kazi yangu kutembea juu ya kokoto kutwa nzima napima upana kati ya reli mbili, milimita 1000 kwenye hii njia ya zamani, sasa buti ikiwa mbovu utaisoma namba. Hizi nimenunua Kariakoo elfu 85, chuma cha mbele kipo kweli maana spana ya kukazia bolti za mataruma (ile mihimili inayolala chini ya reli) ilinidondokea na vidole vizima kabisa. Soli ndo imenishangaza, kokoto zina ncha balaa ila haijachanika. Tatizo joto jamani, kipande cha Kilosa mpaka Gulwe saa saba mchana soksi unakamua, na kamba zake za hovyo, nunua zingine hapohapo. Chukua saizi moja juu.