Kusmoki taa za nyuma: spreyi au stika? Uzoefu wangu

Kusmoki ni kuitia taa weusi kwa juu, mwanga ukipita bado. Nimetumia vyote viwili, spreyi na stika, kwenye taa za nyuma za Toyota IST na za Subaru Impreza, na kura yangu naitoa mapema: stika, tena ile nyepesi, isiyo na weusi mwingi. Kwa weusi, spreyi inashinda. Ikitoka vizuri, utadhani taa ilikuja hivyo kutoka kiwandani. Shida yake ni kwamba haina kurudi nyuma. Spreyi ukizidisha, dawa yake ni msasa; stika ukizidisha unaibandua jioni hiyohiyo.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya mwanga. Taa nyingi za nyuma zina balbu ya 21/5, yaani wati 5 ukiwasha taa na wati 21 ukikanyaga breki. Usiku hata stika nzito haikuumbui sana, maana giza lenyewe linaisaidia ile wati 5. Mchana wa saa saba, jua likipiga kioo cha taa, ndipo breki inapopotea, na dereva wa nyuma anajua umesimama bampa zikishabusiana. Stika inayopitisha asilimia 50 inakata nusu ya mwanga wa balbu. Riflekta, kile kipande kisicho na balbu kinachorudisha mwanga wa magari mengine, inaumia zaidi: mwanga wa gari la nyuma unapita kwenye stika ukiingia na unapita tena ukirudi, kwa hiyo kinachobaki ni robo tu. Na riflekta ndiyo tegemeo lako gari likizima njiani usiku, betri imekufa, taa haziwaki.

Kwa spreyi hesabu hiyo ni kali zaidi kwa sababu kila mkono, yaani kila tabaka la rangi, unakata mwanga uliobakishwa na uliotangulia. Kama mkono mmoja unapitisha asilimia 80, miwili inapitisha 64, mitatu 51. Wa nne unaingia kwenye 41, na kwa macho utaona ni "kidogo tu zaidi ya jana".

Makopo kama VHT Nite-Shades na Rust-Oleum Lens Tint yana wansi 10, karibu gramu 283, na kopo moja linatosha jozi ya taa na kubaki. Toa taa kwenye gari. Kupulizia ikiwa bado imefungwa, hata ukizungushia gazeti na tepu, huacha mstari pembeni, na vumbi la rangi litatua kwenye buti. Taa nyingi za Toyota zimeshikwa na nati za spana 10 upande wa ndani ya buti pamoja na vishikizo vya plastiki vya ubavuni. Fungua nati, kisha vuta taa moja kwa moja kuelekea nyuma, usiipinde. Chomoa holda za balbu kwa kuzungusha robo.

Osha kwa sabuni ya vyombo. Usiguse thina wala petroli: vioo vingi vya taa za nyuma ni plastiki ya akriliki, na thina inaitoa nyufa ndogondogo mfano wa utando wa buibui. Nyufa hizo ziko ndani ya plastiki, hakuna polishi itakayoziondoa. Piga msasa wa maji namba 800, malizia na 1000, mpaka kioo chote kififie sawasawa. Kikibaki kidoa kinachong'aa, rangi itabanduka hapohapo. Futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pangusa haraka, usiache ikilowana.

Tikisa kopo dakika nzima baada ya gololi iliyomo ndani kuanza kulia. Umbali ni sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya taa na umalizie nje ya taa, na subiri kama dakika kumi kati ya mkono na mkono. Mkono wa kwanza uwe wa vumbivumbi tu. Ukiloanisha mapema, rangi inatiririka na kujikusanya kwenye ukingo wa chini, na hapo ndipo utaona mstari mweusi kila ukiwasha taa. Weka pembeni kipande cha plastiki angavu na ukipulizie pamoja na taa. Baada ya kila mkono kishike mbele ya taa nyingine ambayo haijapakwa, balbu ikiwaka. Macho yakitazama taa iliyozimwa yanadanganya.

Kwa sisi wa pwani, unyevu ni adui. Ukipulizia alfajiri au mvua ikinyemelea, rangi inapata ukungu mweupe. Saa nne asubuhi kivulini ni wakati mzuri. Juani rangi inakauka ikiwa bado hewani na uso unakwaruza mkononi. Juu yake lazima klia, ile rangi angavu ya kulinda, mikono miwili au mitatu. Bila klia, kila kuoshwa kwa gari kunapunguza weusi, hasa kwenye kona. Klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) ndiyo inayodumu, lakini mvuke wake ni sumu kwa mapafu. Kitambaa puani hakitoshi; kama huna maski ya kichujio, mpe fundi wa rangi.

Stika haitaki msasa kabisa, inataka kioo laini na kisafi. Nunua stika ya taa hasa, ile ya kuvutika. Tinti ya vioo vya milango ni poliesta, haivutiki, na kwenye mviringo wa taa itakunja tu. Huwa inauzwa kwa mita, upana wa sentimita 30. Kata ikizidi kioo sentimita 5 kila upande. Changanya lita moja ya maji na matone machache ya shampuu ya watoto, nyunyiza kwenye kioo na kwenye gundi, kisha tandika na usukume maji kuanzia katikati kwenda nje kwa kadi ngumu iliyovikwa kitambaa.

Kona ndizo zinazopima mikono yako. Pasha joto kwa draya ya nywele, vuta taratibu, bana mpaka ipoe. Usivute kupita kiasi: sehemu iliyovutika sana inapauka, na baada ya wiki inajirudi na kunyanyua ukingo. Ukishamaliza, pasha tena kingo zote ili isahau umbo lake la zamani. Kama taa umeitoa, kunja milimita 5 nyuma ya kioo, lakini pasiwe kwenye mpira wa kuzuia maji, la sivyo buti litaingiza mvua. Wembe uelekeze nje; ukikata juu ya kioo unaacha mchoro usiofutika. Siku mbili za kwanza usipeleke gari kwenye mashine ya kuoshea, na hata baadaye mwambie kijana asisogeze bomba karibu na ukingo.

Niliyokubaliana nayo mwenyewe: natoboa stika kufuata umbo la riflekta na taa ya rivasi, na breki naiacha na stika nyepesi pekee, au bila kitu. Trafiki akitaka kukusimamisha atapata sababu, lakini breki inayoonekana inamwachia maneno machache. Kujaribu ni rahisi: saa saba mchana, mtu akanyage breki, wewe simama hatua arobaini nyuma. Ukisita kusema imewaka, bandua.

Usijaribu kufidia giza kwa balbu ya wati kubwa. Joto linayeyusha holda na kuchoma kioo kwa ndani. Balbu ya ledi nyeupe nyuma ya kioo chekundu inatoa rangi ya waridi, chukua nyekundu. Ukiweka ledi kwenye indiketa bila rezista, kile kifaa cha kuongeza mzigo wa umeme, itapepesa harakaharaka.

Kuondoa stika, ipashe na uivute polepole ukiilaza karibu na kioo. Ile ya bei rahisi, baada ya jua la muda mrefu, inakatika vipandevipande na kuacha gundi. Paka mafuta ya kula, iache nusu saa, kisha sugua kwa kidole na uoshe kwa sabuni. Spreyi inahitaji msasa wa 1000, 1500, 2000, halafu polishi ya mashine, na bado ukiangalia kwa mshazari utaona palipopita msasa.