TAHADHARI: Anauza mabuyu yaliyopikwa akiyaita mbegu za mbuyu wa Madagaska

Jamani, kuna kijana anazunguka kwenye makundi ya miche akiuza mbegu za "mbuyu mrefu wa Madagaska". Msimtumie hata shilingi. Ni mwizi!

Mzigo wangu ulikuja na basi, bahasha ya khaki, mbegu zimeviringishwa kwenye pamba kama dhahabu. Usiku ule ule nikakaa jikoni nikazichanja moja moja kwa tupa, upande alioelekeza, nikazimwagia maji ya moto, nikafunika na sahani. Asubuhi nafunua, maji mekundu! Si ule ukahawia wa ganda, ni wekundu wa rangi ya dukani, na harufu ya iliki imejaa jikoni kote. Nikapasua moja kwa kisu: kiini kimeiva, kimelegea. Mabuyu! Yale yale ya vifuko yanayouzwa nje ya shule, yamepikwa na sukari na rangi, kisha yakaoshwa. Kama yalishamumunywa na watu au la, Mungu ndiye ajuaye. Na mimi nimeyalipia elfu tano kila punje.

Na msiseme sikuuliza. Nilimuuliza kila kitu! Alijua Madagaska ina aina sita za mibuyu zisizoota kwao kwingine, alijua jina la kitaalamu, Adansonia grandidieri, alijua unafika mita 25 na kupita, akanitumia video ya ile barabara ya mibuyu karibu na Morondava. Kila ujumbe unaanza na "shikamoo mama". Hata hilo la kuchanja ni kweli, maana ganda la mbuyu ni gumu, usipolichanja mbegu inaweza kulala udongoni miezi. Mtu anayejua hivi utamtiliaje shaka?

Kinachoniuma zaidi ni walimu. Niliwaahidi miche ya mibuyu hii kwa ajili ya kiwanja cha shule, na mashimo wanafunzi wameshachimba. Nitawatazamaje?

Dalili zilikuwepo. Nilipoomba picha ya buyu lenyewe kabla halijapasuliwa, akabadilisha mazungumzo. Cheti cha afya ya mimea hana, wakati mbegu za kutoka nje haziingizwi nchini bila hicho. "Bei inaisha leo mama." Na punje zilikuwa safi mno, hazina hata chembe ya unga. Mbegu iliyochemshwa imekufa, haioti hata uiloweke mwaka mzima.

Huyu asiachwe. Anaiba pesa za wastaafu na akina mama wanaotaka kuwaachia wajukuu mti, anawaharibia jina vijana wa vitalu wanaohangaika kihalali juani. Afungwe, na arudishe kila senti! Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na Jumatatu naenda polisi na bahasha, pamba na zile punje. Kama na wewe amekuuzia, usifute mazungumzo wala muamala. Niletee, twende pamoja.